Simenti kidogo, pigo kubwa: beto ya Kivu inavumilia nini inapogongwa?

Tarehe 4 Mei 2023, mvua kali ilinyesha kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe, jimbo la Kivu Kusini. Mito ilishuka hadi Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Maji hayakuja peke yake. Yalikuja na matope, miti na mawe makubwa.

Msiba ule uliacha swali ambalo halisikiki sana kwenye shantiye za mashariki mwa Kongo. Mwenye nyumba huuliza kama nguzo itabeba ngazi ya pili. Ni nadra aulize itakuwaje kama jiwe la mlima, lori lililokatika breki ao mti uliobebwa na mto utaigonga nguzo hiyo. Kubeba mzigo ni jambo moja, na kuvumilia pigo ni jambo lingine.

Swali hilo linakuwa zito zaidi leo kwa sababu, duniani kote, simenti inazidi kupunguzwa ndani ya zege, ile ambayo mafundi wa hapa wanaita beto. Viwanda vinaipunguza ili kupunguza moshi na gharama. Mafundi wanaipunguza kwa sababu mfuko ni ghali, hasa pale barabara inapofungwa ao mpaka unapokuwa na matatizo. Njia hizo mbili zinafanana kwa jina tu. Ya kwanza inapimwa, ya pili haipimwi. Na tofauti kati yake huonekana haraka sana siku beto inapogongwa.

Kwa nini dunia inapunguza simenti

Simenti ya kawaida hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo kwenye tanuru lenye joto la karibu digrii 1450. Kinachotoka humo kinaitwa klinka, na klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo inakuwa simenti. Kazi hiyo inatoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa yote ya kaboni ambayo binadamu wanatupa angani kila mwaka. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki hata kwenye mafuta ao makaa ya kuchomea. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapoungua. Kwa hiyo kubadilisha aina ya makaa hakutoshi. Dawa kubwa ni kutumia klinka kidogo.

Njia inayozungumzwa sana siku hizi inaitwa LC3. Ilikuzwa na watafiti wa chuo kikuu cha EPFL huko Lausanne, Uswisi, chini ya Profesa Karen Scrivener, pamoja na wenzao wa Cuba na India. Klinka inabaki karibu nusu. Asilimia 30 ni udongo uliochomwa kwa joto la chini zaidi, kati ya digrii 700 na 850. Asilimia 15 ni unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, na inayobaki ni jasi. Hewa chafu inaweza kupungua hadi asilimia 40. Barani Afrika, simenti yenye udongo uliochomwa tayari inatengenezwa Côte d'Ivoire na Ghana.

Njia nyingine ni ya zamani sana. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyotoka karibu na mji wa Pozzuoli, kusini mwa Italia. Ndiyo asili ya jina pozolana. Paa la Pantheon huko Roma, lenye upana wa mita 43, lilijengwa kwa mchanganyiko wa aina hiyo na limesimama kwa karibu miaka 1900.

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kwenda Roma kuiona pozolana. Viwanda vya ukanda huu, kama kile cha Hima karibu na Kasese nchini Uganda na kile cha CIMERWA huko Bugarama nchini Rwanda, vinatumia mawe ya volkano katika simenti zao. Mtu anayejenga Butembo, Goma ao Bukavu anaweza kuwa tayari anatumia simenti yenye klinka kidogo bila kujua. Hilo peke yake si udanganyifu wala si hatari. Limeandikwa kwenye mfuko.

Mfuko unasema nini, na hausemi nini

Kwenye mifuko mingi kuna alama kama CEM II ao CEM IV, kisha namba 32,5 ao 42,5. Kwa kanuni za Ulaya, ambazo nchi nyingi za ukanda huu zimezifuata, CEM I ni klinka karibu yote. CEM II/B-P ina pozolana kati ya asilimia 21 na 35. CEM IV/B inaweza kufika hadi asilimia 55.

Namba ya pili inapatikana hivi: maabara inachanganya sehemu moja ya simenti, sehemu tatu za mchanga na nusu sehemu ya maji, kwa uzito. Inamwaga kijiti kidogo chenye upana wa sentimita 4, inakitunza ndani ya maji kwa siku 28, kisha inakibana polepole hadi kivunjike.

Maneno matatu yana uzito hapa: nusu ya maji, siku 28, polepole. Kama fundi anaongeza maji, namba iliyo kwenye mfuko haimhusu tena. Kama anaondoa mbao baada ya siku chache na kuacha beto ikauke kwa jua, vilevile. Na hata akifuata yote, namba ile inazungumzia mzigo unaokuja polepole, haizungumzii pigo.

Pigo si mzigo

Mzigo wa paa unakaa juu ya nguzo miaka na miaka. Pigo la jiwe linakwisha kabla mtu hajafumba jicho. Katika muda huo mfupi, beto haina nafasi ya kugawanya nguvu kwa nguzo na kuta zingine. Mahali palipogongwa panabeba karibu yote.

Tena, nguvu ya pigo haitegemei uzito peke yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Jiwe la volkano lenye ukubwa wa mita moja kila upande lina uzito wa karibu tani 2,7. Likibebwa na mto kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, pigo lake ni zaidi ya mara 1 600 ya lile la nyundo inayotumiwa katika kipimo kimoja maarufu cha maabara. Kipimo hicho, kilichoelezwa na wataalamu wa Marekani wa ACI, kinaangusha nyundo ya kilo 4,5 kutoka sentimita 46 juu ya kisahani cha beto, mara nyingi, na mtu anahesabu mapigo hadi ufa wa kwanza na hadi kuvunjika. Lori la tani 15 linalokwenda kilometa 40 kwa saa linabeba pigo kubwa zaidi ya mara 25 kuliko la jiwe hilo.

Kuna jambo lingine ambalo kila fundi amekwisha kuliona. Ukigonga ukuta kwa nyundo upande mmoja, mara nyingi plasta inaanguka upande wa pili. Pigo linapita ndani ya ukuta kama wimbi la kubana, linafika nyuma, linarudi kama wimbi la kuvuta. Na beto, yenye nguvu sana ikibanwa, ni dhaifu ikivutwa: nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Ndiyo sababu mtu aliyekimbilia nyuma ya ukuta anaweza kuumizwa na vipande vya ukuta ule ule, hata kama jiwe halikupita.

Maabara zimeona nini

Watafiti wa nchi mbalimbali wameangusha nyundo na kutumia mashine za mgongano wa kasi juu ya beto zenye klinka kidogo: za pozolana, za udongo uliochomwa, za majivu ya makaa ya mawe na za masizi ya viwanda vya chuma. Matokeo yanatofautiana kwa kadiri ya mchanganyiko, lakini mambo manne yanajirudia.

La kwanza: kama beto yenye klinka kidogo imefika nguvu ileile ya kubanwa na kuvutwa kama beto ya kawaida, basi kwa pigo pia inakaribiana nayo. Kinacholinda nguzo ni gundi iliyoshika vizuri, siyo wingi wa klinka kwa jina.

La pili: muda. Klinka ikikutana na maji inatoa gundi, lakini pia inaacha chokaa ambayo haijafungwa. Pozolana inakamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi nyingine. Kazi hiyo ni ya polepole na inahitaji unyevu. Kwa hiyo beto ya pozolana inaweza kuwa dhaifu siku ya 7, ikaanza kukaribia wenzake siku ya 28, na mara nyingine ikawapita baada ya siku 90. Ikikauka mapema, safari hiyo inakatika njiani na hairudi.

La tatu: beto yoyote inaonyesha nguvu zaidi ikigongwa kwa kasi kuliko ikibanwa polepole, na mara nyingi beto dhaifu inaongeza kwa kiwango kikubwa zaidi. Hapa watu wengine hudanganyika. Maskini akizidisha mali yake mara mbili bado anaweza kubaki chini ya tajiri aliyeongeza robo tu. Beto dhaifu inabaki dhaifu.

La nne: nyuzi zinabadilisha hali kuliko kitu kingine. Nyuzi fupi za chuma ao za plastiki zikichanganywa ndani ya beto, ufa wa kwanza hauchelewi sana, lakini mapigo ya kufikia kuvunjika kabisa yanaweza kuongezeka mara kadhaa, kwa sababu nyuzi zinashikilia pande mbili za ufa.

Kuna habari njema inayohusu nchi za joto. Nyuzi za katani huoza ndani ya beto ya kawaida kwa sababu ya chokaa nyingi. Watafiti wa Brazil wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya simenti ikibadilishwa na udongo uliochomwa, chokaa inapungua na katani inadumu zaidi. Hapo simenti kidogo inakuwa faida.

Lakini chokaa hiyo hiyo ndiyo inayozuia vyuma visipate kutu. Ikipungua, hewa inaingia na kufikia vyuma haraka zaidi. Kwa hiyo beto yenye klinka kidogo inataka vyuma vifunikwe vizuri, angalau sentimita 3 za beto safi isiyo na matundu. Nguzo ambayo vyuma vyake vimeliwa na kutu haitasimama mbele ya jiwe, hata kama siku ya kwanza ilikuwa ngumu.

Kupunguza mara mbili

Hapa ndipo tatizo la shantiye za Kivu linapoanza. Katika nchi zinazofuata mazoea ya ujenzi ya Kifaransa na Kibelgiji, kipimo kinachofundishwa kwa beto yenye vyuma ni kilo 350 za simenti kwa kila mita moja ya ujazo. Ni mifuko 7 ya kilo 50.

Tuseme simenti hiyo ina pozolana asilimia 35. Klinka iliyomo ni karibu kilo 228. Kiwanda kimepunguza, lakini kimesaga pozolana hadi ikawa unga laini sana, kimepima, kimeandika kwenye mfuko. Kwa maji yanayofaa na kumwagilia vizuri, hesabu inasimama.

Sasa tuseme fundi, kwa shauri la mwenye nyumba ao kwa shauri lake mwenyewe, anaweka mifuko 5. Klinka inabaki karibu kilo 163, chini ya nusu ya ile 350 ambayo mwalimu wake wa zamani alikuwa anaifikiria. Na pigo la pili linatoka kwenye maji. Mifuko 7 ilihitaji lita 175, yaani lita 25 kwa mfuko, bido moja ya njano na robo. Ili mchanganyiko wa mifuko 5 umwagike kwa urahisi kati ya vyuma, fundi anaacha maji yaleyale lita 175. Sasa kila mfuko umepata lita 35. Maji yakipita kutoka nusu ya uzito wa simenti hadi sehemu saba za kumi, beto inaweza kupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu yake.

Nyumba hiyo haitaanguka kesho. Itabeba paa, itabeba watu, itapakwa rangi. Mzigo wa kila siku ni mdogo na kanuni za ujenzi zina nafasi ya usalama, kwa hiyo kosa linafichika kwa miaka. Pigo ndilo linalolifunua, siku moja, bila onyo.

Si kila jiwe jeusi ni pozolana

Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, na tena baada ya ule wa 22 Mei 2021, mawe yale yale yaliyoharibu mitaa yaligeuka kuwa kuta na misingi. Kutokana na hapo, ni rahisi mtu aamini kwamba vumbi jeusi la mashine ya kusaga graviye linaweza kushika nafasi ya sehemu ya simenti.

Si kweli moja kwa moja. Pozolana inafanya kazi kama imepoa haraka, ikabaki kama kioo ndani, na kama imesagwa laini karibu sawa na simenti yenyewe. Lava iliyopoa polepole huwa jiwe zuri la kujengea, lakini haishiki chokaa. Vumbi lake ndani ya beto ni mchanga tu. Bila kipimo cha maabara, anayeondoa mfuko wa simenti na kuweka ndoo za vumbi hilo ameondoa gundi na kuweka mzigo.

Wakaaji wa Lubumbashi nao wanaweza kufikiria ule mlima wa masizi unaoonekana kutoka mbali. Masizi yanayotumiwa sana katika simenti ni ya viwanda vya chuma. Yale ya Lubumbashi ni ya shaba, yenye madini mengine ndani. Jina ni moja, kazi si moja.

Hata jiwe la graviye lina sehemu yake katika pigo. Beto ikibanwa polepole, ufa huzunguka jiwe. Ikigongwa kwa kasi, ufa hukata jiwe lenyewe. Kwa hiyo yale mawe mepesi yenye matundu, mazuri kwa kupunguza uzito, hayafai kwa nguzo iliyo njiani mwa mto.

Pesa kidogo iende wapi

Wenye nyumba wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa. Familia iliyopoteza nyumba katika mafuriko ao katika vita, na ambayo inajenga mfuko kwa mfuko, haina uwezo wa kuweka 350 kila mahali. Kuiambia iache kujenga ni kuiambia ilale nje.

Lakini kipimo hakilazimiki kuwa kimoja kwa nyumba nzima. Beto ya kusafishia chini ya msingi, ambayo haina vyuma, inaweza kuwa na kilo 150 hadi 200 na hakuna kitakachoharibika. Mahali ambapo mfuko haupaswi kuondolewa ni msingi, nguzo, linto na mshipi wa juu unaofunga kuta zote. Hizo ndizo zinazoshikilia nyumba ikigongwa ao ikitikiswa. Akiba nyingine haigharimu kitu: kupima maji kwa bido badala ya kwa macho, na kufunika beto kwa magunia ya maji kwa siku 7 angalau, siku 14 kama simenti ina pozolana nyingi.

Kwa madaraja, shule na vituo vya afya, jukumu si la fundi peke yake. Daraja lililo kwenye mto unaobeba mawe haliwezi kuhesabiwa kwa uzito wa malori tu. Nguzo zake zinahitaji kuhesabiwa kwa jiwe la mto, na kingo zake kwa lori linaloteleza. Vipande vya mpira wa matairi ya zamani, ambavyo vinapunguza nguvu ya kubanwa lakini vinasaidia beto kumeza mapigo, vimejaribiwa kwa vizuizi vya barabarani. Havifai kwa nguzo ya nyumba. Na hakuna mchanganyiko wa nyumba ya kawaida, wa simenti nyingi ao kidogo, uliotengenezwa kuzuia bomu. Anayeuza ahadi hiyo anadanganya.

Kabla ya hesabu ya beto inakuja hesabu ya mahali. Jiwe la tani 2,7 litavunja ukuta wa bloku hata kama uliwekwa mifuko yote inayotakiwa. Nyumba iliyo kwenye njia ya mto inaokolewa kwanza kwa kuhamishwa, kisha kwa mifereji na kuta za kuzuia juu ya mlima, na beto inakuja mwisho.

Nani anapima?

Kwa sheria, ofisi ya serkali ya OCC ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, simenti ikiwa ndani yake. Lakini ukaguzi wa mpakani unaishia kwenye mfuko. Kati ya mfuko na nguzo kuna mchanga, maji, fundi na haraka, na hapo mara nyingi hakuna anayepima. Katika miji ambako vita vimevuruga huduma za serkali, pengo hilo limepanuka zaidi.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Siku ya kumwaga nguzo, fundi anajaza vibweta vichache vya beto ileile, vinatunzwa ndani ya maji, na baada ya siku 28 vinapelekwa kuvunjwa kwenye mashine. Kwa jengo la umma, mwenye kutoa pesa, awe serkali, kanisa ao shirika la msaada, anaweza kukataa kulipa awamu inayofuata kabla ya kuona matokeo hayo. Kwa simenti yenye pozolana, anaweza kuagiza vibweta vingine vivunjwe siku ya 90.

Simenti yenye klinka kidogo itazidi kuingia Kivu, kwa sababu ni nafuu kwa kiwanda na kwa hewa. Hakuna sababu ya kuikataa. Lakini punguzo lililofanyika kiwandani ndilo punguzo lote linaloruhusiwa. Anayepunguza tena kwenye shantiye anachukua ile akiba ambayo nyumba iliwekewa kwa ajili ya siku ya pigo.